Kuku Aliyetusemea Msituni

Mimi ni mtu wa nyumbani. Kuna watu waliozaliwa na miguu, na kuna sisi tuliozaliwa na kiti. Hadi mwaka ule ninaoukumbuka hapa, safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa ya kwenda soko la Miti kununua kabichi. Kisiwa cha Idjwi nilikifahamu vizuri sana, kwa kukitazama kutoka Bukavu siku za anga safi. Bibi yangu, yaani mke wangu, alikuwa akisema kwamba nikifa nitazikwa chini ya meza ya kulia, ili nisisumbuliwe na mabadiliko.

Msitu nao niliujua hivyo hivyo. Niliuona kule mbali, mgongo mweusi wa Kahuzi nyuma ya mashamba ya chai, nami niliridhika ubaki palepale ulipo. Miaka ile ya Zaïre Wazungu walikuwa wanatoka kwao, wanavaa kaptula, wanapanda huko kutafuta magorila. Sisi wa mtaa wa Kadutu tukiwaona wanapita ndani ya magari yao tuliwahurumia, kama unavyomhurumia mtu ambaye nyumbani kwao hakuna wa kumwambia kaa chini.

Basi bibi yangu akashika mimba ya pili. Mtoto wa kwanza tulimpata na kumzika siku moja. Alitoka kimya, akabaki kimya. Tangu hapo bibi hakuniomba kitambaa wala viatu. Aliomba jambo moja tu: safari hii hatazaa bila mama yake kuwa karibu. Na mama yake alikaa kijiji kimoja mbele ya Bunyakiri, yaani ng'ambo ya ule mgongo mweusi. Kwa kawaida shemeji yangu ndiye angemleta, lakini shemeji alikuwa amekwenda kuchimba dhahabu upande wa Shabunda. Mtu aliyekwenda kuchimba dhahabu ni kama jiwe lililotupwa ziwani: utasikia mlio wake mara moja, basi.

"Utaenda wewe," bibi aliniambia.

"Mimi na mama yako? Mu kamyo moja?"

"Kamyo haina kosa. Yeye atakaa mbele na shofere, wewe utakaa juu ya mizigo."

"Na nani atatupelekea maneno?"

"Papa, mimi niko nabeba mutoto, wewe uko nabeba maneno. Enda."

Hapo lazima nieleze, kwa wasomaji wa kwingine. Kwetu, mtu na mama wa bibi yake hawatazamani. Hawapeani mkono, hawali mmoja akiona, wala hawasemeshani uso kwa uso. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kwenye majani hadi mwenzake apite. Kama kuna neno la kusema, mtu wa tatu analichukua huku na kulipeleka kule. Si chuki. Ni heshima, ila ni heshima kubwa hadi inajificha. Kwa miaka minne ya ndoa yangu nilikuwa nimeona kisigino cha mama mkwe mara moja, nacho kwa bahati mbaya.

Sista wa maternité, kule wanakozalia akina mama, aliangalia tumbo la bibi akasema, "Siku yoyote sasa." Siku yoyote ni neno baya kwa mtu mwenye wasiwasi. Nilimwacha bibi kwa jirani yetu, mjane mmoja mwenye sauti ya kengele, nikavaa abakosti yangu nzito ya sikukuu, lile koti la wakubwa lisilovaliwa tai, maana huendi kwa wakwe kama mwizi wa nguo, nikapanda kamyo.

Kwenda sitasimulia. Nilifumba macho. Nilipofika, mama mkwe alikuwa tayari ameingia jikoni na kufunga mlango, ndivyo inavyotakiwa, na dada yake akawa anakimbia kati yetu na maneno. Mama anauliza mtoto wake analala vizuri. Mwambie analalia ubavu. Mama anauliza miguu imevimba. Mwambie kidogo. Kesho yake alfajiri tukapanda kamyo ya kurudi, yeye mbele na shofere, mimi juu ya mikungu ya ndizi na madumu ya mawese. Alikuwa na kitunga mgongoni chenye kamba ya kupita kwenye paji la uso, na juu ya kitunga kuku jike mwekundu amefungwa miguu, wa kumpikia mzazi supu.

Dada yake hakuja. Wala mama mkwe wala mimi hatukuwa tumefikiria nani atabeba maneno njiani.

Tulipokwisha kupanda sana, kule mianzi inapoanza na baridi inakushika masikio, kamyo ikalala kwenye tope. Ilizama upande mmoja taratibu, kama mzee anayekaa chini. Shofere alishuka, akazunguka, akatema mate.

"Itatoka leo?" nilimuuliza.

"Itatoka."

"Leo?"

"Papa, nimesema itatoka. Siku sijasema."

Nilishuka. Mama mkwe alikuwa ameshuka upande wa pili, amesimama nyuma ya kamyo akiwa amejifunika kikwembe kichwani. Nilimwomba mama mmoja muuza ndizi, tuliyekuwa tumekaa pamoja juu ya mizigo, ampelekee neno kwamba tutangoja.

"Mimi?" akasema. "Mimi niko nachunga ndizi. Kama unataka mukalimani, ungemupandisha kule Bunyakiri. Ona mutu, amevaa abakosti kama mukubwa wa zone, na anaogopa mwanamuke muzee."

Wenzake wakacheka. Ndipo nikasikia sauti ng'ambo ya kamyo, ya chini, yenye adabu.

"Wewe kuku," ilisema.

Wauza ndizi wakageuza vichwa.

"Wewe kuku, ambia mukwe kama sisi hatulale hapa. Mutoto wangu iko nangoya. Kuko njia ya zamani inakata mu mianzi, inatokea kwa barrière ya bagardi, bale banachunga musitu. Tulikuwa tunapita na chumvi, zamani. Mukwe atangulie."

Muuza ndizi alifunika mdomo. Nami, mwenye diploma ya sekondari, nilikohoa, nikatazama hewa na kusema, "Kuku, ambia mama kama nimesikia."

Sasa ona mtego wenyewe. Njia anaijua yeye. Lakini akitangulia yeye, mimi nitakuwa nautazama mgongo wake mwendo mzima, na hiyo ni aibu ambayo hata kuku asingeweza kuieleza. Kwa hiyo asiyejua njia ndiye aongoze, na anayeijua afuate nyuma kwa mbali. Na huyo wa mbele haruhusiwi kugeuka.

Tukaingia.

Barabarani msitu ni ukuta. Ukiingia ni chumba, kisha kingine, kisha kingine, na vyote vimefungwa madirisha. Mianzi iliinama ikakutana juu ya vichwa vyetu, majani ya kuwasha yakanipata mikono, na chini tope lilikuwa jeusi na baridi. Baada ya muda niliona shimo la maji katikati ya njia, la mviringo, kubwa kama beseni la kufulia. Mbele yake jingine. Nilikuwa nimekwisha kulivuka la tatu ndipo nikaelewa kwamba hayakuchimbwa na mtu. Zilikuwa nyayo za tembo. Maji yake yalikuwa bado ya matope, hayajatulia.

Wazungu wale walisafiri kutoka mbali waone yale ambayo mimi nilikuwa namwomba Mungu anifiche nisiyaone.

Kilichonishikilia kilikuwa kuku. Ko, ko, ko, nyuma yangu, kila hatua ya mama mkwe ilimtikisa akalalamika. Nilijua yuko hatua ngapi kwa kulalamika kwake. Na pale njia ilipogawanyika, sauti ilifika: "Kuku, ambia ule wa mbele, mukono wa kuume." Nilishika mkono wa kuume. Nikaanza kufikiri kwamba tutafika. Nikamwona bibi yangu kitandani, anageuza kichwa, mama yake anaingia mlangoni. Halafu nikafikiri: na kama ameshaanza? Na kama yule jirani amelala? Kengele nayo hulala. Nikaongeza mwendo.

Mvua ikaanza. Msituni mvua unaisikia kwanza juu, kama watu wanaocheza kwenye ghorofa, na unangoja ikushukie. Iliponishukia, niliinama nikaendelea. Nilikwenda hivyo kipande kizuri kabla sijagundua kwamba kuku amenyamaza.

Nilisikiliza. Mvua. Mianzi inagongana. Ko, hakuna.

Nikajiambia amelala. Kuku hulala. Nikaenda hatua chache, nikajiambia hapana, hakuna kuku anayelala akitundikwa miguu mvuani. Basi amekufa. Sawa, kuku akifa si msiba. Lakini aliyembeba je? Kugeuka sikuweza. Mtaniuliza, ungegeuka tu, nani angekuona? Angeniona yeye. Na kama yuko pale nyuma yangu mzima, amefunuka kichwa kwa sababu ya mzigo, mimi nimgeukie nimtazame usoni, basi nimemvua nguo. Ningerudi Bukavu na mama mkwe asiyeweza kulala chini ya paa langu, na bibi angezaa peke yake vilevile.

Nikafanya nilichoona cha busara. Nikasimama, nimngoje anifikie.

Nilisimama na uso wangu kwenye mianzi kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Nikangoja. Abakosti ilikunywa maji hadi ikawa nzito kama blanketi la jeshi. Sikusikia mguu, sikusikia tawi. Nikasema moyoni, atakuwa anapumzika. Kisha: ameanguka. Kisha: ameanguka, na wale wa nyayo wamempata. Nilianza kupanga maneno ya kumwambia bibi yangu. Nimemleta mama. Nimemleta mpaka katikati. Hakuna namna ya kulisema neno hilo ikawa nzuri, nilijaribu zote. Nilisimama pale muda wa kuivisha maharagwe, na si maharagwe mapya.

Mwishoni hofu ikashinda adabu, lakini kidogo tu. Sikugeuka. Nilisema kwa sauti, kwa mianzi iliyokuwa mbele yangu:

"Kuku. Kama uko pale, lia."

Mvua tu. Halafu, kutoka mbali kando ya njia, chini kabisa kwenye majani:

"Kuku iko. Nimemufunika na kikwembe, ju ya mvua."

Nikashika mwanzi.

"Kuku," nikasema, "mama ameumia?"

"Hapana. Kuku iko nauliza kama mukwe amemaliza."

"Kumaliza nini?"

Kimya. Kimya kirefu, kile cha mtu anayetafuta neno lisilovunja kitu. Na katika kimya hicho nikaelewa. Mimi nilisimama nimngoje afike. Yeye aliona mwanaume amesimama ghafla, ameugeukia mwanzi, ametulia. Akafikiri niko kwenye haja. Kwa heshima akatoka njiani, akaenda mbali ndani ya majani, akajifunika kichwa asione wala kusikia, akangoja nimalize. Muda wote huo, mimi nangoja yeye, yeye ananingoja mimi, na kila mmoja alikuwa anamheshimu mwenzake mvuani huku binti yake labda anashika chuma cha kitanda.

"Kuku," nikasema, "ambia mama sikuanza hata."

Nikasikia mlio mdogo ndani ya majani. Kwanza nikadhani ni ndege. Alikuwa mama mkwe anacheka ndani ya kikwembe, akijizuia, na kadiri alivyojizuia ndivyo kicheko kilivyotoka.

"Kuku iko nasema mukwe aimbe," ilisema sauti baadaye, bado haijatulia. "Akiimba, tutajua kama iko natembea. Akinyamaza, tutajua."

Nyimbo za kanisani zote zilinikimbia. Zilizobaki kichwani ni zile za animasyo, za kusifu chama, tulizolazimishwa kuimba kazini kila asubuhi kwa kuzungusha kiuno. Kwa hiyo nilipita msitu wa Kahuzi nikiimba maendeleo ya taifa kwa sauti ya mtu anayetetemeka meno, na nyuma yangu kuku, aliyefunuliwa tena, akiitikia. Sidhani kama chama kiliwahi kupata waimbaji wakweli kuliko sisi. Tulitaka kweli tufike mbele.

Mvua ilikuwa inapungua tuliposhuka bondeni. Nilikuwa katikati ya ubeti. Mbele yangu, umbali wa nyumba mbili hivi, mianzi ilitikisika. Si kwa upepo, maana ilitikisika sehemu moja. Kisha mmoja ukavunjika, mlio kama wa bunduki, na kitu cha rangi ya kijivu kikapita katikati ya majani, polepole, hakikuisha kupita.

Nikanyamaza. Nyuma yangu hatua zikanyamaza. Tulikuwa tumepatana kwamba nikinyamaza atajua, lakini atajua nini? Asije akafikiri tena ni ile haja, akaingia kwenye majani, na majani ndiko waliko. Kusema siwezi, watanisikia. Kugeuka siwezi. Nikafanya kitu ambacho hakuna shule inayokifundisha: nikarudi kinyumenyume. Hatua baada ya hatua, uso wangu kwa tembo, mgongo wangu kwa mama mkwe, nikiomba aone mgongo unavyokuja na auelewe.

Aliuelewa. Alipouona unakuja, naye akageuka akanipa mgongo wake. Nilirudi hadi nikagusa kitunga. Tukasimama hivyo, mgongo kwa mgongo, kitunga katikati na kuku juu yake akinipumulia shingoni. Hatukutazamana. Adabu haikuvunjika. Nilitetemeka kiasi kwamba kitunga nacho kilitetemeka, na kuku ndani ya hesabu zake akaona afadhali anyamaze.

Ndipo nikasikia, karibu kabisa, si kwa kuku, si kwa hewa:

"Tulia, mutoto wangu."

Nilitulia. Mianzi ilivunjika mara nyingine, mbali kidogo, halafu mbali zaidi, halafu ukabaki mlio wa matone tu. Akakohoa. "Kuku," akasema kwa sauti yake ya kawaida, "ambia mukwe njia iko wazi."

Kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, magardi walituangalia tunavyotoka msituni, mwanaume anaimba mbele, mwanamke nyuma na kuku, wote rangi ya tope. Mmoja akaniuliza kama sitwayeni, ndivyo tulivyoitwa raia wote wakati ule, anafanya animasyo kwa gorila. Sikuwa na nguvu ya kujibu. Pikapu iliyobeba majani ya chai ilitushusha Miti, nyingine ikatufikisha mjini, jua likiwa limeegemea mgongo wa Kahuzi.

Nyumbani hakukuwa na bibi. Jirani alinikuta mlangoni.

"Ulikuwa wapi, wewe? Tumemupeleka maternité tangu saa sita. Analilia mama yake tu. Wewe hata jina hakukutaja."

Tulipanda mlima ule wa maternité mama mkwe akiwa mbele, na mimi nikamtazama mgongo mwendo mzima. Aibu ilitukuta haina pa kukaa. Mlangoni sista alimwangalia kuku akatikisa kichwa. Mama mkwe akamfungua kutoka kwenye kitunga, akamweka chini karibu na mguu wangu bila kunitazama, akaingia.

Nikabaki na kuku. Nilikaa kwenye benchi, nikasimama, nikakaa. Ndani watu walisema, sufuria iligonga, mlango ulifungwa. Mara ya kwanza, miaka miwili kabla, nilikaa benchi hilohilo, na kilichonijulisha kilikuwa kutosikia kitu. Kwa hiyo nilisikiliza. Lori lilikuwa linapanda barabara kwa gia ya kwanza, linanguruma, na niliomba life palepale lilipo. Halikufa. Lilipopita, ndani kulikuwa kimya.

Mlango ulifunguka. Mama mkwe alitoka peke yake. Hakukuwa na sista, hakukuwa na jirani, hakukuwa na mtu wa tatu popote. Akasimama akiugeukia ukuta, akapandisha kikwembe kichwani.

"Wewe kuku," akasema. "Umekunywa maji?"

Nilitaka kumjibu mimi.

"Hakukupatia maji. Ni mutu wa wasiwasi, umusamehe." Akavuta pumzi. "Wewe kuku, ambia mukwe mutoto amelia. Amelia hata hajatoka vizuri. Iko na kelele sawa baba yake mu musitu. Ni binti. Na mama yake iko nakunywa chai."

Nilimwinua kuku nikamshika kifuani, matope yake na yangu. Nilijaribu kumpa neno la kupeleka, likakataa kutoka. Mama mkwe alingoja, uso ukutani. Alinijua sasa, alijua kwamba nikisimama kimya lazima anipe muda.

"Kuku iko nauliza," akasema baadaye, taratibu, "kama mukwe amemaliza."

Supu ya bibi ilipikwa kwa kuku wa jirani. Huyu wetu hakuna aliyethubutu kumgusa, maana mama mkwe alikaa kwetu hadi mtoto alipoanza kuketi, na kila asubuhi uani alikuwa na mambo ya kumwambia kuhusu mimi: kwamba mukwe anakula chumvi nyingi, kwamba mukwe anaweza kutoka nje mara moja moja, jua haliui. Lile neno la msituni, alilonipa mgongo kwa mgongo, hakulirudia, nami sikumuuliza. Ningemuuliza kwa mdomo wa nani? Kuku mwenyewe alikuwepo, na alinyamaza.